Makala Ikivurugika, Usianze na Spesi

Ndugu mwenyekiti, waandishi wenzangu, wahariri, na vijana mliokuja kujifunza: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimepewa mada isiyo na heshima kubwa. Hakuna anayetunukiwa tuzo kwa kuondoa pengo kati ya aya mbili. Lakini humu ndani najua kuna watu wanaoandika makala kwa saa moja, kisha wakagombana na kihariri, ile programu ya kuandikia makala kwenye tovuti, mchana kutwa. Umeandika vizuri, umebandika, umechapisha. Unafungua kwa simu, unakuta aya moja ina herufi kubwa na inayofuata ina herufi ndogo, mstari umekatika katikati ya sentensi, na kichwa kidogo ulichokikoleza kimegandana na aya ya juu yake. Basi unarudi kwenye kihariri na vita vinaanza: spesi hapa, Enter pale, badilisha fonti, ongeza ukubwa. Kwenye skrini yako mambo yananyooka. Kwa msomaji yanazidi kuharibika.

Ukiona vyaelea vimeundwa, na aya iliyopinda nayo imeundwa: kuna agizo mahali fulani linaloipinda. Hilo ndilo ninalotaka tulishike leo. Maandishi unayoyaona kwenye kihariri yana maagizo yasiyoonekana chini yake, na mara nyingi ugonjwa uko kwenye maagizo hayo. Ukirekebisha sura bila kuyagusa, unachofanya ni kurundika maagizo mapya juu ya ya zamani.

Tuanze na asili ya ugomvi. Tim Berners-Lee alipobuni HTML, lugha ya maagizo ya kurasa za wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, lengo lilikuwa kueleza kitu ni nini: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Oktoba 1994 Håkon Wium Lie akapendekeza lugha ya pembeni ya kushughulikia sura, ndiyo CSS, na Desemba 1996 toleo lake la kwanza likapitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti. Kanuni ikawa hiyo: maana huku, sura kule. Programu za kuandikia nyaraka zilipita njia nyingine kabisa. Bravo, iliyotengenezwa Xerox PARC mwaka 1974, ilijengwa juu ya wazo kwamba unachokiona kwenye skrini ndicho kitakachotoka kwenye printa. Wazo zuri, kwa kuwa karatasi ina upana unaojulikana. Simu ya msomaji wako ina upana usioujua wewe, na huenda ameikuza fonti kwa sababu ya macho yake. Kihariri cha mtandaoni kinajaribu kukuonyesha karatasi wakati kinachoandika ni HTML. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Na mlango mkuu wa uharibifu ni kubandika. Unaponakili kitu, kompyuta haichukui maneno peke yake. Kwenye ubao wa kunakili huweka matoleo kadhaa ya kitu kile kile: moja ni maandishi matupu, jingine ni HTML yenye mapambo yote, pengine na jingine la RTF, mtindo mwingine wa kuhifadhi maandishi yenye mapambo. Kihariri kikiulizwa kipi kibandikwe, huchagua lenye mapambo, kwa nia njema kabisa.

Chukua aya moja ya Word, sentensi tatu tu. Ibandike kwenye kihariri kisichochuja, kisha fungua upande wa msimbo, pale maagizo ya HTML yanapoonekana. Utakuta tagi ya aya, yaani alama ya HTML inayoifunga aya, imepewa class, yaani jina la kundi, MsoNormal. Ndani yake kuna span, tagi ya kubebea mapambo tu, ndani ya span kuna span nyingine, na kila moja imebeba maagizo ya style, yaani ya sura: kwa mfano fonti Calibri, ukubwa wa pointi 11, nafasi ya mistari asilimia 107, na mengine yanayoanza na mso- ambayo kivinjari hata hakiyaelewi. Maagizo yanaweza kuwa marefu kuliko sentensi zenyewe. Umemwalika mgeni, kaja na kitanda chake.

Google Docs nayo ina kituko chake. Ukinakili humo, maandishi yote hufungwa ndani ya tagi ya b, ambayo kazi yake ni kukoleza, halafu tagi hiyo hiyo hupewa agizo la style linalosema usikoleze. Vikifika vyote viwili pamoja, hakuna kinachoonekana. Lakini vipo vihariri vinavyofuta style na kuibakiza tagi. Matokeo yake makala nzima inakolea, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na mwenyewe hukugusa kitufe chochote. Asiyejua atadhani kompyuta imerogwa. Ukiingia kwenye msimbo, tafuta tagi ya b yenye kitambulisho kinachoanza na docs-internal-guid, ifute yenyewe na mfungo wake wa mwisho, yamekwisha.

Dawa ya kubandika ni kubandika maandishi matupu. Kwenye Windows na Linux, vivinjari vingi vinaitikia Ctrl, Shift na V kwa pamoja badala ya Ctrl na V. Kwenye Mac ni Option, Shift, Command na V. Kwenye simu nyingi za Android, ukibonyeza na kushikilia, menyu hukupa chaguo la kubandika bila mapambo. Ukikosa yote hayo, pitisha maandishi yako Notepad, programu ya Windows ya maandishi matupu, kwanza, kisha yanakili upya kutoka huko. Notepad haijui fonti yako wala haitaki kuijua.

Najua lalamiko linalokuja: nitapoteza vichwa vyangu, herufi nzito, viungo. Ndiyo, utavipoteza. Na mimi nasema vipotee. Kuvirudisha vichwa vitano kwa kutumia vitufe vya kihariri chenyewe ni kazi ndogo kuliko kusaka span iliyojificha. Ninachokubali ni makala yenye viungo vingi. Hiyo ibandike kawaida, fungua upande wa msimbo, futa sifa zote za style na class, uviache viungo vilivyo. Vihariri vingine, kama kile cha vipande cha WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, kilichokuja na toleo la 5.0 mwishoni mwa 2018, hujichujia vyenyewe taka nyingi za Word. Kabla ya kukiamini kihariri chako, angalia msimbo wake mara moja ujue kinachuja au hakichuji.

Wanaoandikia kwenye WhatsApp wana shida ya upande wa pili. Kule neno linakolezwa kwa kuwekewa nyota huku na huku, na linalazwa kwa mistari ya chini. Ukinakili, nyota zinaweza kuja zikiwa nyota. Ukinakili ujumbe kadhaa kwa mpigo, zinakuja tarehe, saa na jina la aliyetuma. Hapa hakuna agizo lililojificha, kila kitu kiko peupe. Ni kufuta tu. Vivyo hivyo kwa nyota mbilimbili na alama za reli (#) mwanzoni mwa mistari: hiyo ni Markdown, mtindo uliotolewa na John Gruber mwaka 2004, na kihariri chako huenda hakiusomi.

Kuna rangi pia, na hili watu hawaligundui kwa sababu haliwatokei wao. Maandishi yaliyobandikwa na mapambo mara nyingi hubeba agizo la rangi nyeusi, na pengine mandharinyuma meupe. Kwako hayana dosari. Msomaji aliyeweka skrini ya giza anakutana na maandishi meusi juu ya weusi, au vibandiko vyeupe vilivyorushwa ovyo ukurasani. Mtu akikuambia makala yako haina kitu, usimbishie. Muulize kama anatumia skrini ya giza.

Sasa nije kwenye mdudu ninayemchukia kuliko wote, nafasi isiyokatika. Kwa jicho ni spesi kama spesi. Kwa kompyuta ni alama nyingine kabisa: spesi ya kawaida ni namba 32, hii ni namba 160. Kazi yake halali ni kuzuia maneno mawili yasitenganishwe mwisho wa mstari, kwa mfano tarakimu na kipimo chake. Lakini HTML ina desturi ya kuzikunja spesi nyingi zikawa moja, kwa hiyo ukibonyeza spesi mara mbili ndani ya kihariri, kihariri hulazimika kuingiza hii isiyokatika ili uone pengo ulilolitaka. Zinajaa hivyo kidogo kidogo. Zinakuja pia na maandishi uliyonakili kwingine. Zikifuatana kwenye maneno sita au saba, maneno hayo yanakuwa kama neno moja refu. Kwenye simu mstari unakatika mapema na kuacha uwazi mkubwa upande wa kulia, au sentensi inatokeza nje ya skrini. Mwandishi anaongeza spesi ili kusawazisha, na anakuwa ameongeza mdudu yule yule.

Kwenye upande wa msimbo utamkuta kama herufi nbsp zenye alama ya & mbele na nukta mkato nyuma. Tafuta na ubadilishe zote ziwe spesi ya kawaida. Ukiwa bado uko Word, fungua dirisha la kutafuta, andika ^s, ubadilishe kwa spesi. Na kile kitufe chenye alama ya aya, kinachoonyesha vilivyojificha, kiwashe: spesi ya kawaida inaonekana kama nukta, isiyokatika kama kiduara kidogo. Mtu akizoea kuandika kitufe hicho kikiwa kimewashwa, nusu ya hotuba yangu hii haimhusu.

Wanaoandika Kiswahili tuna mateso yetu ya pekee, nayo ni ritifaa. Tuna ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, king'ora. Ritifaa ya kwenye kibodi ni iliyonyooka. Word huigeuza kuwa iliyopinda. Wengine wanatumia alama ya ` iliyo juu ya kitufe cha Tab. Zote zinafanana kwa mbali, lakini ni alama tofauti. Matokeo yake msomaji akitafuta ng'ambo ndani ya ukurasa wako kwa ritifaa moja, na wewe umeandika kwa nyingine, anaweza kuambiwa haipo. Chagua moja uishike makala zote. Mimi ningechagua iliyonyooka, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kibodi ya kila mtu. Wachapaji wa vitabu watanikasirikia, na wana haki.

Ritifaa hiyo iliyopinda ndiyo pia inayozaa kile kioja cha ngâ€™ombe. Mmekiona wote. Katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu, yaani vipande vitatu vidogo vya data. Programu ya zamani inayodhani kila baiti ni herufi moja inazisoma baiti hizo kama herufi tatu, na hizo tatu ndizo â, € na ™. Kwa hiyo ukikutana nazo, usitafute kosa kwenye fonti. Faili lilihifadhiwa kwa mfumo mmoja likasomwa kwa mwingine, mara nyingi wakati wa kuhamisha makala kutoka tovuti moja kwenda nyingine. Kama makala ni moja, badilisha kwa mkono. Kama ni tovuti nzima, usiguse hata moja. Rudi kwenye faili la asili ulihamishe upya, safari hii ukichagua UTF-8.

Kwenye PDF sitakaa sana. PDF inajua herufi ipi ikae wapi kwenye karatasi, mara nyingi haijui aya ni nini. Ndiyo maana ukinakili humo, kila mstari unakuja na mkato wake. Angalia pia neno kama safi au fikra: baadhi ya fonti huunganisha f na i kuwa alama moja, na ukibandika inabaki hivyo, au inapotea kabisa ukabaki na "sa" na "kra". Maandishi ya PDF yasome neno kwa neno kabla ya kuyachapisha.

Tuzungumze Enter. Enter huanza aya mpya. Shift na Enter hukata mstari tu, ukabaki ndani ya aya ile ile. Watu wengi hawajui tofauti, na wanaoumia zaidi ni washairi. Beti ya tarbia ina mishororo minne. Ukibonyeza Enter kila mshororo, unapata aya nne zilizoachana, na beti haionekani tena kuwa beti. Mishororo iwekwe kwa Shift na Enter, na Enter yenyewe ibaki kwa ajili ya kupisha beti na beti. Na yule anayetaka ukwapi na utao visimame safu mbili zilizolingana, asilinganishe kwa spesi. Kivinjari kitazikunja, au atajaza wale wadudu wa namba 160. WordPress ina kipande maalumu cha beti kinachoheshimu spesi na mikato. Pasipo nacho, weka koma kati ya vipande viwili uendelee na mshororo, kama ilivyo kwenye diwani nyingi zilizochapwa. Simu nyembamba itaukunja mshororo wa mizani kumi na sita upende usipende, na jedwali la safu mbili litaufanya usomeke vibaya zaidi.

Aya tupu nazo ni za kundi hilo. Anayebonyeza Enter mara tatu ili apate pengo anaacha aya mbili zisizo na kitu. Pengo kati ya aya ni kazi ya mandhari ya tovuti, yaani mpangilio wa sura unaotumika tovuti nzima. Likiwa dogo kwa makala zote, ongeza kwenye mipangilio ya mandhari mara moja, usiliongeze kwenye kila makala.

Kuhusu vichwa vidogo nitakuwa mkali kidogo. Sentensi iliyokolezwa na kuongezewa ukubwa si kichwa. Ni aya yenye sauti kubwa. Chagua kichwa kwenye menyu ya kihariri, ngazi ya pili kwa sehemu kuu, ya tatu kwa vijisehemu, kwa kuwa ngazi ya kwanza kwa kawaida tayari imechukuliwa na jina la makala. Asiyeona anayetumia NVDA au JAWS, programu za kusoma skrini kwa sauti, hubonyeza herufi H kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Kwenye makala yenye herufi nzito tu, anabonyeza H na hakuna kinachotokea. Inambidi asikilize yote kuanzia mwanzo. Mbaya zaidi ni zile herufi za madoido zinazotengenezwa kwenye tovuti za mapambo, zinazoonekana kama fonti ya mwandiko. Nyingi si fonti. Ni alama za hisabati zilizokopwa kutoka Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama, na kisoma skrini kinaweza kuzitamka moja moja kama alama za hisabati, au kuziruka. Hata injini ya utafutaji inaweza isilitambue jina lako ukiliandika hivyo.

Wakati tuko kwa visoma skrini: angalia lugha ya tovuti yako kwenye mipangilio. Ikiwa imeandikwa Kiingereza, msimbo unasema lang ni en, na sauti inaweza kuusoma Uswahili wako kwa matamshi ya Kiingereza. Inatakiwa iwe sw. Ni sekunde chache za kazi, na sioni sababu ya kuliacha.

Halafu kuna hii tamaa ya kunyoosha kingo zote mbili, kushoto na kulia, ili makala ifanane na gazeti. Kiswahili kina vitenzi virefu. Hawajatufahamisha ni herufi 17 bila pumzi. Kwenye skrini nyembamba, na kivinjari kisichojua mahali pa kulikata neno kwa silabi, neno kama hilo linasukumwa mstari wa chini na mstari wa juu unabaki na maneno matatu yaliyotawanyika. Acha upande wa kulia uwe na meno. Hakuna msomaji aliyewahi kufunga ukurasa kwa sababu hiyo.

Majedwali yenye upana uliofungwa kwa namba, yafungue uweke asilimia. Picha iliyong'ang'ania kando ya maandishi, iweke katikati peke yake. Hayo basi.

Kabla sijapanda hapa, dada mmoja ameniuliza atajuaje kama kosa ni la makala au la tovuti. Swali zuri. Fungua makala nyingine ya tovuti hiyo hiyo. Kama tatizo liko kote, ni la mandhari, na kuhariri makala ni kujichosha bure. Kama liko kwenye makala moja, fungua rasimu mpya, andika sentensi mbili kwa mkono bila kubandika chochote, uzitazame kwa onyesho la awali. Zikikaa sawa, taka ziko kwenye maandishi uliyobandika. Kama umerekebisha na bado unaona ubaya ule ule, fungua dirisha la faragha la kivinjari, maana huenda unatazama nakala ya zamani iliyohifadhiwa.

Na kaka aliyeuliza kuhusu makala zake za miaka mingi, zote zimejaa taka za Word: usianze na ya kwanza kabisa. Anza na zile ambazo takwimu za tovuti zinaonyesha bado zinasomwa. Zile zinazofunguliwa na mtu mmoja kwa mwaka ziache mpaka upate nafasi. Kuna programu jalizi, zile za kuongezea tovuti uwezo, zinazotafuta na kubadilisha kwenye hifadhidata nzima kwa mpigo mmoja, na zinafanya kazi, lakini nyingi hazina kitufe cha kurudi nyuma. Chukua nakala rudufu kwanza, ihifadhi nje ya tovuti, ijaribu uone inafunguka. Kisha jaribu ubadilishaji wako kwenye makala moja, uifungue kwa simu na kwa kompyuta, ndipo uendelee na nyingine.

Ahsanteni. Mwenye simu yenye makala iliyovurugika aje nayo hapa mbele tuifungue msimbo.